Njia Kavu ya Reli

Kamanda wa waasi aliniuliza kama naijua njia ya reli, nikasema naijua. Vijana sita waliosimama mbele yangu kwenye mstari ule walikuwa wameulizwa swali hilohilo. Kila mmoja alijibu kwamba haijui, na kila mmoja aliambiwa aondoke aende kwao. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyewekewa mkuki shingoni. Mimi nilikuwa wa saba. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi jibu la hapana lilivyokuwa rahisi, na bado nilifungua kinywa nikasema, "Miye minaijua." Sasa nakaribia miaka themanini, na hakuna juma linalopita bila mimi kurudi kwenye mstari ule, mbele ya posta ya Bunia, nikijaribu kusema maneno mengine.

Mambo ya wazazi wangu na kijiji nilikozaliwa nayaacha. Hayana hatia katika jambo hili. Naandika kwa sababu Etiene, rafiki yangu wa ujana, amezikwa. Nilikwenda matangani kwake Mudzipela nikiwa nimevaa koti langu la kanisani, nikachukua kiti cha plastiki karibu na lango la parsele, kiwanja cha nyumba yao, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka bila kuaga. Watu wa rika langu walinisalimu kwa kichwa tu. Wanajua, au wanajua nusu. Alasiri binti yake Furaha, muuguzi, mama mzima mwenye mvi za kwanza, aliniletea chai ya mchaichai akachuchumaa mbele yangu.

"Papa Kasimiri, kunywa. Siku ya kumaliza matanga tutajengea Papa kaburi. Alitaka udongo ya kule kaka yake alilala, tuichanganye na simiti. Alisema weye ndiye utanipeleka."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. "Alisema vile yeye mwenyewe?"

"Na kinywa yake. Alisema, muulize Kasimiri, anajua njia."

Nilikuwa sijasikia neno kutoka kwa Etiene tangu tulipokuwa vijana. Tuliishi mji mmoja, tulisali kanisa moja, yeye mabenchi ya kulia, mimi ya kushoto. Kila nilipokutana naye nilisema, "Jambo, Etiene," naye alipita kama mtu anayepita karibu na mti. Basi nilimwambia binti yake kwamba nitampeleka. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yangu kuombwa kuonyesha njia ile.

Mwaka ule wa mstari wa posta nilikuwa naishi nyumbani kwa Mwalimu Anselme, mwalimu wangu na kaka mkubwa wa Etiene. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba. Mimi na Etiene tulilala mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, na kila asubuhi tuligombana ni nani aliyempiga mwenzake teke. Kuta zilibandikwa kurasa za magazeti ya Wabelgiji, na nilijifunza Kifaransa changu zaidi ukutani kuliko darasani. Juu kulikuwa na dari ya mkeka, na kupitia mkeka ule tulisikia kila neno la chumba cha pili. Madamu Eliza, mke wa Mwalimu, alikuwa na sauti ya chini lakini hasira yake ilipita popote. Siku moja tulimsikia akisema, "Weye unalisha watoto wa wengine bugali na makayabo, na viatu yako inachekea njiani." Mwalimu akajibu, "Acha icheke. Ile kijana Kasimiri iko na kichwa. Miye nitamufanya mwalimu." Etiene alinipiga teke chini ya blanketi, kwa wivu na kwa furaha pia. Nilikaa na maneno yale kifuani siku nyingi. Mpaka leo nikila makayabo, samaki wale wa chumvi, yaliyopikwa na nyanya chungu nasikia sauti ile ikipita kwenye mkeka, na mara nyingi naiacha sahani kabla haijaisha.

Jumapili baada ya misa Mwalimu alitupeleka kutembea kwenye reli. Ilikuwa reli ndogo ya vagoneti, vigari vya mizigo, Wabelgiji waliijenga kuleta mbao kutoka kiwanda cha msumeno kilichokuwa ng'ambo ya mto Shari, upande wa kwenda Aveba. Waliiacha kabla sijajua kusoma. Nyasi ndefu za pande zote mbili ziliificha kabisa, hata mtu angeweza kupita kando yake bila kujua kwamba mle kuna chuma. Lakini tuta lake la kokoto lilikuwa juu, kavu hata wakati wa masika, na lilikwenda mpaka kwenye daraja la chuma, kisha mpaka kwenye stesheni, kijumba cha matofali chenye paa nusu. Tulitembea polepole, tukiruka kutoka taruma moja la mbao hadi lingine, mvua za kwanza zikiwa zimetoa maua ya njano kando ya tuta. Mwalimu alitaja majina ya mimea, Etiene akiyakosea makusudi. Mmoja wetu alitangulia stesheni na kulaza sikio kwenye reli, aliyebaki darajani aligonga chuma mara tatu kwa jiwe. Sauti ilifika kabla ya mtu. Mwalimu alisema ndivyo elimu ilivyo, na sisi tulicheka kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa ndivyo elimu ilivyo.

Kisha waasi wakaingia Bunia. Sitaeleza siasa zao. Wakati ule sikuzielewa na baadaye nilizielewa vibaya. Niliyoyaona ndiyo haya. Walitafuta watu wa kalamu. Karani mmoja wa wilaya waliyemkuta na kalamu mbili mfukoni mwa shati walimlazimisha kuzila, na aliposhindwa kumeza walimaliza kazi kwa mapanga hapohapo barabarani, mbele ya duka la Mgiriki. Katekista walimpiga kwa mti wa bendera mpaka mgongo wake ukawa hauna umbo la mgongo. Mbwa wa mji walinenepa. Watu walizika vitabu uani kama wanavyozika kitovu cha mtoto, na mwanamume aliyevaa miwani aliivua akajifunza kutembea bila kuona.

Mwalimu Anselme hakuweza kutembea bila miwani. Usiku wa kwanza alimpeleka Madamu Eliza kwenye lori la watu wa Mahagi, kwa ndugu zake, na kabla ya jua yeye na Etiene wakaenda stesheni. Mimi aliniambia nibaki. "Uso yako haijulikane hapa," alisema. "Utatuletea chumvi na habari. Ukifika darajani, gonga mara tatu, siye tutajua ni weye." Nilikwenda mara mbili. Nilipeleka chumvi, unga na kipande cha sabuni. Mara ya pili Etiene alinishika shati akasema, "Kasi, usikawie. Kaka anaanza kunifundisha algebra hapa porini, nitakufa kabla ya waasi kunikuta." Ndiyo sentensi ya mwisho aliyoniambia maishani.

Kundi lililokaa kwenye shule yetu lilikuwa na dawa. Vijana walichanjwa kifuani na kwenye paji la uso na mama mmoja mzee, nao waliamini kwamba risasi itageuka maji ikiwagusa. Lakini dawa ilikuwa na masharti, na sharti kubwa la kundi lile lilikuwa maji. Mpiganaji asioge. Asilowe miguu. Mto ulikuwa unaosha nguvu, hata umande wa nyasi ndefu ulikuwa unaiosha. Mimi walikuwa wamenitwika kazi ya kuwapikia maharagi, na niliwaona asubuhi wakisubiri jua likaushe majani kabla ya kwenda haja. Nilicheka moyoni, lakini pia nilianza kutamani ile kamba ya ngozi ya chui waliyofunga kichwani. Kila aliyekuwa nayo alipishwa njia. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kwa mwaka mzima nilikuwa kijana wa kulishwa makayabo ya mtu mwingine.

Walitaka kuvuka Shari. Walikuwa wamesikia kwamba ng'ambo kuna watu wa kalamu wamejificha, na mto ulikuwa umejaa. Kivuko kilikuwa kinalowesha mpaka kiuno. Siku tatu walikaa ukingoni wakitukana maji. Ndipo mtu akataja reli ya zamani, na Kamanda akatupanga mbele ya posta. Niliposema naijua alivua kamba ya ngozi kichwani mwa kijana aliyesimama kando yake, akanifunga mimi. "Vijana, muone mutu mwenye kichwa!" alisema. Wote wakapiga kelele. Niliwaza mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili nilijiambia ni ya kweli: kwamba nitatembea polepole na kugonga reli ili Mwalimu akimbie, na kwamba sasa watu watanipisha njia. La kwanza ndilo nililojisimulia kwa miaka mingi. La pili ndilo lililofungua kinywa changu. Hakuna mwingine mjini aliyeijua njia ile. Kwa hiyo kukataa kwangu kungetosha.

Kabla ya siku ya kumaliza matanga, mimi na Furaha tulianza kutembea asubuhi moja, moto-taksi ilipotuacha nyuma ya mahema meupe ya wakimbizi wa Djugu. Mama mmoja alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa mkono mmoja. Wa pili uliishia kwenye kiwiko. Nilimsalimu, sikuangalia mkono ule mara mbili. Juma lililotangulia bunduki zilisikika upande wa milimani, na kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari kijana alishangaa kuniona. "Muzee, unaenda wapi na fimbo? Kule hakuna kitu." Furaha alimwambia tunaenda kutembea. "Kutembea?" askari alicheka akamwita mwenzake. "Njoo uone mutu anatembea bure mu Ituri!" Lakini alitupisha. Tuta lipo bado. Vyuma viling'olewa zamani, wahunzi wakavifua, na miaka ambayo mji huu ulichinjana sikutaka kujua ni mapanga mangapi yalitoka kwenye reli yetu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, maua yaleyale ya njano yalikuwa kando ya njia. Furaha alinishika mkono kwenye mashimo. Alitembea bila haraka, akauliza majina ya mimea, na nilijikuta nayataja yote kwa sauti ya Mwalimu.

Siku ile nilitembea polepole hivyohivyo. Wapiganaji walikuwa kumi na wanane, nyuma yangu, mmoja mmoja. Niliwaonyesha mapera ya porini wakasimama wakala. Nilisema mwiba umenichoma, nikakaa. Walianza kuimba, na mmoja wao, kijana mwenye kovu kidevuni, alinitania kwamba naendesha treni yenye magurudumu ya mayai. Ilikuwa imenyesha alfajiri. Nyasi pande zote mbili zilikuwa zinadondosha maji, na wao walibana mikono kifuani wasiziguse. Tulipofika darajani baadhi ya mataruma yalikuwa yameoza. Nilivuka nikionyesha pa kukanyaga. Yule wa kovu alikanyaga pabaya, ubao ukakatika, akaanguka mtoni. Alishika nguzo, maji shingoni, akapiga kelele wamvute. Hawakumvuta. Walirudi nyuma, kwa kuwa matone yalikuwa yanaruka. Nililala kifudifudi nikanyoosha mkono, vidole vyetu vikagusana, halafu kiatu cha Kamanda kikakaa mgongoni mwangu. "Huyo amekwisha," alisema. "Acha." Kijana aliita jina la mama yake mara mbili, mto ukamchukua, na mtu wa nyuma yangu akatema mate.

Kama kuna saa ambayo ningeweza kugeuka, ni ile. Nilikuwa nimejua sasa ni watu wa namna gani. Badala yake niliinuka. Mwisho wa daraja nilijifanya napigilia msumari wa kiatu juu ya reli, nikaokota jiwe nikagonga chuma. Si mara tatu. Niligonga ovyo, mara kumi, kumi na tano, nikitaka chuma kiseme kimbia. Lakini hatukuwahi kupatana alama ya hatari. Alama yetu ilikuwa moja tu, na maana yake ilikuwa kwamba rafiki anakuja na chumvi.

Mwalimu alitoka kutupokea. Alikuja juu ya tuta, bila shati, miwani imefungwa kwa uzi, kikapu mkononi, Etiene hatua chache nyuma yake. Njia ilikuwa na kona pale, aliniona mimi kwanza. Alikuwa anacheka.

"Kasimiri! Leo unagonga kama muhunzi! Unataka kuamusha na wafu?"

Kisha aliona ngozi kichwani mwangu, na nyuma yangu akaona wengine. Alisimama. Kando yake, hatua moja upande wa kulia, nyasi zilikuwa zinamfika kifuani, zimelowa. Hatua moja. Hakuna mpiganaji hata mmoja ambaye angemfuata mle. Yeye hakujua. Mimi nilijua, nilikuwa nimejua kwa majuma mengi, nilikuwa nimecheka moyoni kwa sababu hiyo. Nilifungua kinywa. Ningesema, "Mwalimu, nyasi!" Angeelewa, alikuwa mtu wa kuelewa haraka. Kinywa kilikaa wazi na hakikutoa kitu, kwa sababu Kamanda alikuwa amesimama bega kwa bega nami na nilitaka kuishi. Wakanipita. Wa kwanza alimchoma mkuki chini ya mbavu, Mwalimu akaketi kwenye reli kama mtu aliyechoka, akainua kikapu mbele ya uso. Panga lilipita kwenye kikapu. Waliendelea baada ya kuwa hakuna tena sababu ya kuendelea. Miwani ilirukia miguuni pangu, kioo kimoja kizima.

Etiene alikuwa amerukia nyasi kwa hofu tu. Alisimama mle, maji yakimtiririka, na hawakumfuata. Walimrushia mawe. Mmoja alijaribu risasi, ikakosa. Kabla ya kukimbia aligeuka akanitazama mimi, si wao, akaona jinsi walivyosimama kwenye ukingo wa tuta wasiingie. Naamini pale pale alifahamu mambo yote: sharti la maji, ukimya wangu, na kinywa changu kilichokuwa bado wazi.

Siku ya nne baadaye askari wa serikali waliuteka mji, kundi lile likatawanyika. Siku nne tu. Mto peke yake ungetosha kuwazuia siku hizo. Madamu Eliza hakurudi. Nilisikia aliuza vitenge Mahagi mpaka uzee wake. Mimi nilimaliza sekondari nikaomba kazi ya maghala. Ualimu sikuugusa. Nilipopewa nafasi mara mbili nilisema sina kichwa cha kufundisha.

Tulivuka Shari juu ya daraja lilelile, sasa limetandikwa mbao. Stesheni sasa ni ukuta mmoja na mti wa mpera uliotoka ndani. Nilimwonyesha Furaha mahali, hatua ishirini na mbili kutoka kwenye kona. Nimezihesabu mara nyingi kitandani. Alipiga magoti, akachimba kwa mwiko, akajaza mfuko. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba nitanyamaza, kwamba amefiwa na hahitaji mzigo mwingine. Nilipomwona anapepeta udongo kwa vidole, akitoa mizizi, kiapo kilinishinda. Nilikaa chini nikamwambia. Mstari wa posta, ngozi, kijana wa mtoni, jiwe, nyasi. Nilisema, "Nilijua nyasi ingemuponyesha. Sikusema." Sikuongeza kwamba nilikuwa mdogo.

Alifunga mfuko kwa fundo, akakaa karibu nami.

"Papa alinielezaka hii yote," alisema. "Miye niko na miaka kumi na mbili wakati alinieleza."

"Basi umekubali kutembea na miye?"

"Yeye ndiye alitaka. Papa Kasimiri, alikuwa anarudi toka kanisani kila siku ya Mungu anamuambia Mama, leo tena amenisalimu. Amenisalimu tu. Alisema, miye sitaki jambo yake. Minangoja aseme. Siku atasema, nitamuita kula."

Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema mama yake kwa miaka mingi alikuwa anaweka sahani moja ya ziada kila Jumapili, na watoto walidhani ni ya mgeni yeyote. Tulirudi polepole. Kwenye bariere askari aliuliza kama matembezi yalikuwa mazuri, Furaha akajibu kwamba yalikuwa marefu.

Kwa hiyo naandika gharama, bila kupunguza. Neno langu mbele ya posta lilimgharimu Mwalimu Anselme maisha yake, na kijana mwenye kovu maisha yake. Mimi lilinigharimu Etiene, ndugu yangu pekee wa kujichagulia, ambaye alikaa mabenchi machache kutoka kwangu karibu miaka sitini akingoja niseme, na maneno hayo nikaja kuyasema mbele ya udongo wa kaburi lake tu.